Aliyeninyonyesha Kajiado

Tangu utotoni nilijua kwamba kuna mwanamke wa Kimaasai aliyeninyonyesha. Mama alinisimulia mara nyingi. Nilipokuwa mchanga, yeye akiuza mboga sokoni Kajiado, alishikwa na homa ya matumbo akalazwa karibu mwezi mzima. Baba alikuwa kazini mbali. Jirani wa mama pale sokoni, mwanamke aliyeuza maziwa, naye alikuwa na mtoto mchanga. Akanichukua, akatunyonyesha wote wawili. Mama alipotoka hospitali alinikuta nimenona. Baadaye tulihamia Kitengela, na wale wawili hawakuonana tena.

Asubuhi moja mwaka jana, mama, ambaye sasa ni mzee na anaishi kwangu, alisema huku akipuliza chai yake, "Leo ni siku ya soko. Nipeleke Kajiado."

"Unataka kununua nini?"

"Namtafuta yule."

Nilimwambia huenda yule hayuko tena. Akaenda kuvaa viatu.

Nilimpeleka kwa gari langu. Kutoka Kitengela hadi Isinya ni ploti na nyua za waya pande zote. Baada ya hapo uwanda unafunguka, nyasi kavu na upepo. Mimi nilijiandalia maneno ya kumwambia yule mwanamke, na kila niliyopanga yalikuwa makubwa mno.

Soko lilikuwa limejaa. Mama alipita kwenye mitumba na nyanya bila kutazama, akasimama penye wauza maziwa, akauliza. Vijana waliokuwa wakiuza hawakumjua mtu huyo. Mwanamke mmoja wa makamo ndiye aliyesema, "Huyo aliacha maziwa. Sasa anauza shanga, pale karibu na ukuta."

Tulimkuta ameketi juu ya gunia, mwembamba, jicho moja limefunikwa na ukungu. Mama alisimama mbele yake.

"Takwenya," mama akasalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, bila kuinua uso. Kisha akauinua. Alitazama kwa muda mrefu. "Wewe ni ule wa vitunguu. Ule alipiga askari wa kanjo na kabeji."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Sikuwahi kusikia habari za askari wa baraza la mji wala kabeji.

Wakashikana mikono, wakakaa gunia moja. Mama alinivuta mbele. "Huyu ndiye yule mtoto. Yule ulimnyonyesha nikiwa hospitali."

Yule mwanamke alinikagua. "Nilinyonyesha watoto wengi," akasema. "Huyu sikumbuki. Lakini kabeji nakumbuka."

Nilikuwa nimekuja na shukrani za miaka mingi, na hapakuwa na mahali pa kuziweka. Sikuumia. Nilichoona zaidi ni kwamba nimesimama juani na kwamba wao wako kivulini.

"Asante, hata hivyo," nikasema.

"Asante ya nini? Mtoto alikuwa analia, na mimi niko na maziwa." Akanyoosha mkono. "Leta kichwa."

Niliinama, kama watoto wa Kimaasai wanavyowainamia wakubwa, mimi mwenye mvi tayari. Aliniwekea kiganja utosini, kikavu na chepesi, kisha akageuka kumuuliza mama kama bado anaumwa na mgongo.

Nilimuuliza habari za yule mtoto wake, niliyeshiriki naye maziwa. Alisema ni mwanamke mkubwa, ameolewa upande wa Oltepesi, ana mbuzi na maneno mengi.

Walizungumza mpaka alasiri, Kiswahili cha huyu kikigongana na cha yule, wakihesabu wenzao waliokufa na kucheka katikati ya hesabu. Niliwaletea chai na maandazi. Nikatembea hadi reli na kurudi. Wakati wa kuondoka mama alikataa nimshike mkono.

Sasa siku ya soko ikifika anakwenda mwenyewe. Hukaa kwenye gunia lile na kutunga shanga vibaya; rafiki yake huzifungua akaanza upya. Nikimuuliza walichozungumza hunijibu, "Mambo yetu." Yule mama wa shanga hajawahi kunitumia salamu, isipokuwa mara moja, kuniambia nimnunulie mama miwani.