Nilikata maneno ya habuba, sasa ghorofa litamzibia mnara

Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mama na majirani zetu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu hapa Kampala. Naishi na mama na bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wanubi tunamwita habuba. Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaotazamana na kilima cha Kibuli. Ukikaa barazani unauona msikiti wote, kuba na mnara.

Habuba hasikii adhana tena. Ili ajue Magharibi imeingia, hukaa kwenye kiti chake na kutazama ng'ambo mpaka taa za mnara ziwake. Wakati wa Ramadhani watoto wote wa uani hushika tende mkononi wakimtazama yeye. Simu zitalia, redio ya jirani italia, lakini hakuna anayekula mpaka habuba ainue mkono. Hata Afande, jirani yetu polisi mstaafu kutoka kaskazini, ambaye ni Mkristo, husubiri mkono huo na kikombe chake cha uji. Nimekua nikidhani kila nyumba hufuturu hivyo.

Chini yetu kidogo kuna kiwanja kilichokaa wazi miaka mingi. Sasa tajiri mmoja anataka kujenga hapo ghorofa refu la kupangisha. Sitawadanganya, nilifurahi. Rafiki yangu wa darasani analala chumba kimoja na wazazi na wadogo zake wote. Shuleni nilisimama kwenye mdahalo nikatetea kwamba mji wetu lazima ukue kwenda juu, nikapigiwa makofi. Tena mama, ambaye huuza chapati na maharage, ameahidiwa kazi ya kuwapikia mafundi.

Mwezi uliopita watu wa mipango miji walikuja kutusikiliza, tukakaa chini ya turubai palepale kiwanjani. Walizungumza Kiingereza na Kiganda, lugha ambazo habuba hazijui vizuri. Mama alikuwa kwenye biashara, kwa hiyo nilienda mimi kumtafsiria habuba nikimsemea karibu na sikio. Ofisa mmoja, mama mpole, aliuliza kama kuna kitu tunachokiona kutoka nyumbani kwetu ambacho hatutaki kizibwe. Alisema jengo linaweza kupunguzwa ghorofa au kusogezwa pembeni, ila ni lazima wajue kabla michoro haijapitishwa.

Habuba alijibu kwa Kinubi, kwa utaratibu, bila hasira. Alisema, "Wajenge, watu wapate pa kulala. Lakini waniachie mnara. Mimi adhana siisikii, naiona."

Watu wote wakanigeukia. Tajiri alikuwa amekaa mbele pamoja na mchoraji wake, nami nilikuwa na sare ya shule. Niliona aibu. Niliwaza kwamba watatucheka, kwamba wataniona mtoto wa watu wanaozuia maendeleo kwa sababu ya taa. Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, "Bibi yangu anasema wajenge, watu wapate pa kulala." Nikakaa. Yule ofisa akatabasamu, akamwinamia habuba kwa heshima, naye habuba akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo habuba anaamini wamemkubalia. Kila mgeni anaambiwa kwamba mimi ndiye mdomo wake, na kwamba bila mimi mnara ungepotea. Akipakua chakula, nyama ya kwanza huniwekea mimi. Kiwanja kimeshazungushiwa mabati. Yeye anayatazama akiwa ametulia kabisa, na mafundi wakipita anawapungia mkono.

Ni Afande tu aliyenishuku. Naye alikuwa pale chini ya turubai, na kwa kuwa alikaa kambi ya polisi na Wanubi miaka mingi, anaelewa Kinubi. Siku moja nilikuwa nachota maji, akanisimamisha.

"Wewe mtoto, habuba aliongea mingi pale. Wewe ulitoa kidogo. Ingine ulipeleka wapi?"

Nilicheka kana kwamba ni utani. Naye akacheka, kisha akaacha. "Mimi siongei," akasema. "Hiyo mdomo ni yako."

Jumamosi hii wale watu wa mipango miji wanarudi kwa mara ya mwisho kabla ya kupitisha michoro. Mpaka leo silipingi ghorofa. Naamini linaweza kusogea kidogo, watu wakapata vyumba na habuba akabaki na mnara wake. Lakini hakuna anayelifikiria jambo hilo, kwa sababu aliyeliomba ni mtu mmoja tu, na mimi nikamnyamazisha mbele ya watu, mwenyewe asijue. Nikisema ukweli, huenda tajiri akakasirika akampa mtu mwingine kazi ya mama. Nikinyamaza, Ramadhani ijayo habuba ataangalia ukuta, na watoto watakuwa wameshika tende wakimsubiri.

Naweza kumfuata yule ofisa kimyakimya, nikarekebisha, habuba asijue kamwe. Moyo wangu unaipenda sana njia hiyo, ndiyo maana siiamini. Au nianze na habuba, nimwambie sikioni nilichofanya, halafu yeye mwenyewe aamue kama nisimame tena kumsemea.

Jana jioni, taa zilipowaka, aliinuka akanikalisha kwenye kiti chake ili nione kama anavyoona yeye. Akaniuliza, "Unauona vizuri?" Nikamwambia nauona.

Dada zangu, kaka zangu, na ninyi wazazi mliowahi kukosewa na watoto wenu, nishaurini. Nianzie wapi, kwa yule ofisa au kwenye kiti kile?