Kioo Kilichotazama Paa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari hata hatua moja. Nilipiga mswaki. Patron, yaani bosi wetu, alinipa ndoo ya maji ya sabuni na mswaki mpya wa meno, akanionyesha matairi manne yenye mkanda mweupe ubavuni, akasema mikanda ile ikiwa myeupe kama meno ya mtoto ndipo tutazungumza habari za ufunguo. Ilikuwa mwaka 2008, katika gereji moja ya Kensington, mashariki ya Johannesburg. Nilikuwa na miaka sitini kasoro miwili, na thelathini kati ya hiyo nilikuwa nimeshika usukani kule Bujumbura. Nikapiga magoti, nikaanza kusugua.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la mwishoni mwa miaka ya hamsini, refu kuliko chumba tulichopanga Joubert Park mimi na mke wangu na binti yetu Nadine. Sisemi kwa kubahatisha, nilivipima vyote viwili kwa miguu. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Nyuma lilikuwa na mapezi mawili yaliyosimama wima, kila moja limebeba taa mbili nyekundu. Jina la kampuni silitaji. Anayejua magari amekwisha kulitambua kwa mapezi, na asiyejua hatapungukiwa na kitu. Sisi tulimwita Madame.

Patron alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, aliyefika mji huu kabla yetu sote. Alianza kwa kuuza mashati karibu na Park Station, akaishia kuwa na kampuni ya kukodisha gari la harusi. Nasema gari kwa sababu lilikuwa moja tu. Hata hivyo kampuni ilikuwa na vyeo. Yeye alikuwa Mkurugenzi Mkuu, makanika mmoja alikuwa Mkuu wa Ufundi, na mimi, baada ya mswaki, nikawa Mkuu wa Safari. Hatukuwa na mtu wa chini. Kila mtu alikuwa mkuu wa peke yake.

Kila mteja aliyekuja kuliona gari alisomeshwa historia kwanza, akiwa amesimama. Patron alieleza kwamba zamani, ili gari liwake, ulizungusha chuma mbele ya injini mpaka bega lishtuke, na chuma kikirudi nyuma kinavunja mkono. Ni kampuni iliyounda gari hili iliyoanza kutia starta ya umeme, ukabonyeza tu. Alieleza kwamba mapezi yalibuniwa na mtu aliyeona ndege ya kivita akaipenda. Alieleza kwamba marais walipanda gari hili, na wahubiri, na wanamuziki, na kila mtu aliyetoka chini akataka wale wa chini wamwone amefika wapi.

"Na jina yake," alimalizia, "ni ya Mfaransa, ule alianzisha mji wa magari kule Amerika. Njo maana hii ni gari yetu, sisi batu ya Kifaransa."

Mimi nilijua kwamba waliotutawala sisi Warundi na wao Wakongomani ni Wabelgiji, na kwamba yule Mfaransa hakuwahi kutuulizia. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimekwisha kupiga magoti.

Sasa niwaeleze kilichonipa kazi. Madame alikuwa na usukani wa kushoto. Huku Afrika Kusini usukani uko kulia, na madereva wa hapa wakiketi kushoto wanapapasa mlango wakitafuta gia. Sisi tuliojifunzia Bujumbura tulizaliwa upande ule. Shida ni kwamba ukiwa kushoto katika nchi hii huwezi kuona kama barabara mbele ni nyeupe unapotaka kumpita mtu. Lazima abiria wa mbele, aliyeketi kulia, akuambie "pita" au "ngoja". Na katika harusi kiti kile ni cha shangazi wa bibi harusi. Nimeyaweka maisha yangu mikononi mwa mashangazi wengi.

Polisi nao hawakumwelewa Madame. Walisimamisha gari, wakaenda dirisha la kulia kama walivyofundishwa. Mmoja alimkuta shangazi wa Kikongo amelala fofofo, kofia imemfunika uso, akamgongea kioo na kumwuliza kama ndivyo anavyoendesha. Shangazi akafumbua jicho moja.

"Mwana yangu, niko nalala tangu Joubert Park," akasema, "na batu yote wako wazima."

Nilimtafsiria polisi maneno hayo kwa Kiingereza. Alicheka mpaka akasahau kutazama leseni yangu.

Breki za gari lile zilikuwa za ngoma, maana yake viatu vya breki vinatanuka ndani ya bakuli la chuma. Ukizikanyaga mara kwa mara zinapata moto na kukata tamaa. Kwa hiyo robot, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huku, ulianza kuifikiria ukiwa bado mbali nayo. Asubuhi ya baridi ulivuta choki ili injini inywe petroli nyingi kuliko hewa. Na ilikunywa kweli. Mke wangu alisema hajawahi kuona mlevi anayeoshwa kila siku.

Lakini somo kubwa la Patron halikuwa breki wala choki. Siku aliyonipa ufunguo aliingia akaketi kando yangu, akanyoosha mkono, akakishika kioo cha kati, kile cha kutazamia nyuma, akakigeuza mpaka kikatazama paa.

"Vieux, mzee wangu, sikia," akasema. "Huku mbele ni ofisi yako. Kule nyuma ni nyumba ya batu. Mutoto anaacha baba yake leo. Pengine atalia, pengine atapigana na mama yake, pengine atasali. Wewe utaona nini?"

"Barabara, Patron."

"Njo vile. Vioo vya pembeni vinakutosha. Dereva ya harusi haangalie mu nyumba ya batu."

Nilikubali, na hapohapo nikaweka sharti langu. Nilimwambia nitaridhika na mshahara wowote wa haki, ila siku Nadine atakapoolewa atakwenda kanisani ndani ya Madame. Msinicheke. Nilikuwa mkimbizi ninayeishi chumba kimoja, katika nchi ambayo mwaka uleule wageni tulikuwa tumefukuzwa mitaani. Nilitaka mara moja tu binti yangu ashuke kwenye kitu ambacho mtaa mzima utasimama kukitazama. Patron alinipa mkono. "Usipoteze bibi harusi hata moja," akasema kwa mzaha, "na gari ni yako siku hiyo."

Miaka mitatu nilibeba mabibi harusi na sikumwona hata mmoja akilia. Niliwasikia tu. Kisha nikampoteza mmoja.

Tulitoka Joubert Park kuelekea kanisa moja la Kensington. Bibi harusi alikuwa nyuma peke yake na gauni lake, kwa sababu gauni halikuacha nafasi ya mtu wa pili. Shangazi alikuwa mbele, macho ameyafumba. Umeme ulikuwa umekatika, robot zimekufa, na magari yamepanga foleni ndefu barabara nzima. Kando ya njia mama mmoja alikuwa anakaanga magwinya, maandazi manene ya huku, na harufu iliingia ndani ya gari ikatulia kama mgeni aliyealikwa. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka, kisha ukifungwa. Nikajiambia gauni lilikuwa limebanwa, amelivuta. Kioo kilikuwa kinatazama paa. Foleni ikasogea, nami nikasogea nayo.

Kanisani palikuwa na zulia jekundu, kwaya, na bwana harusi aliyevaa suti nyeupe. Nilisimamisha Madame sawasawa na zulia, nikashuka, nikavua kofia, nikafungua mlango wa nyuma na kuinama kama nilivyofundishwa. Kwaya ikapaza sauti. Nilikaa nimeinama muda mrefu. Nilipoinua macho niliona shada la maua na kiatu kimoja.

Shangazi aliamka kwa ukimya, maana kwaya ilikuwa imenyamaza.

"Mutoto umemuweka wapi?" akaniuliza.

"Mama, mimi siangalii nyuma," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi jibu lile lilivyokuwa la kipumbavu.

Kabla ukoo mzima haujanifikia, bakkie, pikapu ya huku, iliyopakia magodoro ikasimama nyuma yetu. Bibi harusi akashuka, mguu mmoja hauna kiatu, mkononi ana gwinya limefungwa karatasi. Tangu jana yake, alisema, walimkataza kula ili gauni lifunge, naye aliona heri aolewe ameshiba. Bwana harusi alicheka, akaomba kipande. Ndoa ile ipo mpaka leo na watoto wao wananiamkia.

Patron hakucheka. Aliniita gerejini Jumatatu.

"Nilisema hata moja," akasema. "Ile ahadi ya mutoto yako imekufa, Vieux."

Nilimwomba basi turudishe kioo chini. Alikataa. Kosa, alisema, si la kioo, ni la mtu asiyejua kuhesabu. Kwa hiyo nikabuni utaratibu wangu. Kila robot, kabla ya kuondoka, niliuliza bila kugeuka: "Nyuma huko, wote mpo?" Mabibi harusi wengine waliitikia kama wanafunzi. Jambo hili lilienea, na watu wakaanza kukodi gari ili waulizwe. Lakini mimi nyumbani sikuwa na raha. Sikuwa nimemwambia Nadine habari za ahadi, na sasa sikuwa na ya kumwambia.

Mwanzoni mwa 2014 Nadine alimleta nyumbani kijana mmoja Mzulu, Themba, anayefanya kazi katika ghala la mizigo Midrand. Kijana mzuri, aliamkia kwa mikono miwili. Harusi ikapangwa iwe kabla ya baridi kuingia. Mimi nilikuwa na miaka sitini na minne, macho yameanza kunidanganya jioni, na nilikuwa nimeamua kustaafu. Nikaenda kwa Patron, nikavua kofia, nikamwomba gari kwa siku moja, hata kama ahadi imekufa.

Akaitazama kofia mkononi mwangu. "Na nani ataendesha?"

"Mimi, Patron."

"Na nyuma, na mutoto, nani atakaa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka sita nilikuwa nimejiona mbele, na kofia, nikimpeleka binti yangu. Sikuwa nimekumbuka kwamba baba wa bibi harusi hukaa nyuma. Na Patron mwenyewe hakuwa akiendesha. Siku zote alisema patron haendeshi, patron anaendeshwa.

"Nenda kwako," akasema. Nikaenda. Nilijua nimekataliwa, na iliniuma.

Tangu siku ile Patron akawa anapotea kila Jumatano mchana, akirudi ametota jasho, hasemi alikotoka. Mkuu wa Ufundi alisema ni mwanamke. Mimi nilisema ni sukari. Nyumbani hatimaye nilimweleza Nadine yote.

"Eish, Papa," akasema, "ndugu yake Themba ana gari. It's sharp. Usijisumbue." Lakini aliniangalia sana.

Jumamosi ya harusi, nikiwa nimevaa koti la kukodi, nilisikia watoto wakipiga kelele chini barabarani. Nikachungulia dirishani. Madame alikuwa amesimama mlangoni pa jengo letu, gurudumu moja juu ya njia ya miguu, na jamaa wa maghorofa yote wamemzunguka. Patron alikuwa kando yake, kichwani ana kofia yangu. Niliposhuka alinyoosha kikadi kipya kabisa.

"Miaka makumi mbili niko huku sikukuwa na leseni," akaninong'oneza. "Nilikuwa naogopa ule mutihani. Wameniangusha mara mbili, Vieux. Ya tatu nikapita. Sasa ingia, Baba ya bibi harusi."

Akafungua mlango wa nyuma, akainama.

Mke wangu aliketi mbele kulia, mkoba magotini, na kwenye robot watu waliamini ni yeye anayeendesha. Nilikaa nyuma na Nadine. Patron alikanyaga breki kama anayeua mende, akakata kona kwa wasiwasi, nami nikang'ata ulimi. Kioo cha kati kilikuwa kimeshushwa, kwa sababu walimu wa leseni humfundisha mwanafunzi kukitazama kila mara. Kila nilipoinua uso nilikutana na macho yake. Kisha Nadine, ambaye tangu utotoni nikimsemesha Kiswahili hujibu akichanganya Kiingereza, akanishika mkono na kusema polepole, "Papa, nashukuru." Basi nikalia. Nililia kama mtoto. Nikaona mkono wa Patron ukipanda, ukakishika kile kioo na kukigeuza mpaka kikatazama paa.

Nimestaafu tangu wiki ile. Vijana huniuliza gari lile lilikuwa na nini hata watu wakalipenda hivyo, wakati linakunywa kama lilivyokunywa na robot inalishinda. Huwa nawatajia starta, mapezi na marais, kama nilivyofundishwa. Wakibaki kusikiliza huwaambia pia kwamba nililiendesha miaka sita, na uzuri wake niliujua siku niliyopanda kama abiria, mwendo usiofika nusu saa.

Maana kwenye robot ya mwisho kabla ya kanisa taa iligeuka kijani, lakini Patron hakuondoka. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Yeye akatazama mbele, shingo imenyooka.

"Nyuma kule," akauliza, "wote muko?"

Nadine akajibu kwa niaba yetu.

"Tupo, Patron. Twende."