Nusu ya Papai la Bi Mize

Ukitaka kubisha, bisha mapema, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hata shuka sijui kujifunga, nilimponya bibi yangu tumbo na moyo, na dawa yenyewe niliiba. Madaktari wamesoma Ulaya. Mie skuli nilitoka darasa la tano kwa kuruka dirisha, na sasa naziba pancha za baiskeli. Lakini Bibi nilimponya mie. Ama ndivyo ninavyosimulia kila nikikaa na watu.

Tulikaa Ng'ambo, mie na Bibi wawili tu, mwaka wa pili tangu Mapinduzi. Bibi alikuwa mtu wa chumvi. Asubuhi papa mkavu kwa muhogo, usiku papa mkavu kwa wali, katikati chai kavu. Matunda hakuyagusa. "Ni baridi," alikuwa akisema, "na baridi ikishamwingia mtu mzima moyoni, ndiyo safari." Wala si yeye peke yake, wazee wengi mtaani kwetu walivigawa vyakula kuwa vya hari na vya baridi, na katika vya baridi papai ndilo walilokuwa wakiliogopa zaidi.

Basi tumbo likamfunga. Siku nne, siku tano, hapati choo. Akiingia chooni mie nakaa nje, namsikia anavyojikamua, na akitoka anatambaa na ukuta, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio mpaka kanga inatikisika kifuani. Siku moja alianguka pale pale mlangoni. Majirani wakampeleka hospitali mjini, nami nyuma yao nimebeba viatu vyake. Daktari, kijana mwembamba, alimwambia bila kuzunguka: moyo umechoka, na kila ukijikamua unauchosha zaidi. Chumvi upunguze, maji unywe, matunda ule kila siku, na vidonge hivi umeze.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Anajua kuwa unataka kuua watu wazima wenzake?"

"Anajua. Naye anakula papai kila asubuhi."

Vidonge akavimeza, matunda akakataa. Mie katika maneno yote ya daktari lilinikaa moja tu: akianguka tena, huenda asiinuke. Na mie duniani nilikuwa na yeye tu.

Sasa njoo kwenye mpapai. Jirani yetu Bi Mize alikuwa na mpapai uani kwake, na mpapai ule alikuwa ameutia kago. Kago ni dawa ya kulinda mti. Mwizi akila, tumbo linamvimba kama ngoma na moyo unampiga mpaka aende kwa mwenye mti akaungame, naye amfungue. La Bi Mize lilikuwa kichupa kilichozongwa kaniki, kimefungwa shinani. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wakipita pale kiupande upande kama kaa. Mie nikawaambia nitapanda. Nikishasema, nitarudi vipi nyuma?

Mchana mmoja, Bi Mize kalala, nikaruka ua. Nilichuma moja lililoanza kuwa manjano upande, nikalipasulia ukutani, nikajibanza nyuma ya jiko letu nikala nusu, na mbegu nikazimeza ili kusibaki ushahidi. Utamu ule sijaupata tena. Kisha tumbo likanguruma. Kisha moyo ukaanza kunigonga kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa chumbani anataka atolewe.

Nikaichukua nusu iliyobaki nikampelekea Bibi. Alikuwa kakaa kitandani, siku ya sita bila choo.

"Umelitoa wapi hili, mume wangu?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kiume.

"Nimepewa sokoni."

"Sokoni ndiko ulikochubuka magoti?" Akaniangalia. "Wewe umekula?"

"Nshakula nusu."

Akalitazama lile papai muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa akikataa hata pande la chungwa wakati wa kufuturu, akachukua kijiko, akasema bismillahi, akala. Akala huku akikwangua, mpaka ganda likawa jembamba kama karatasi. Mwisho akakiweka kijiko chini. "Kweli baridi," akasema.

Jioni ile tumbo langu likawa mfereji. Sina haja ya kueleza. Asubuhi mapema Bibi naye akaingia chooni, nami nje nasikiliza, roho mkononi. Sikumsikia akijikamua. Alitoka kanyooka, ukuta hakuugusa, kiganja kifuani.

"Moyo umetulia," akasema.

Akanishika mkono mpaka kwa Bi Mize. Nikaamkia, shikamoo, na Bi Mize akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye magoti yangu.

"Ndiye aliyekula papai langu huyu?"

"Tumekula sote wawili," Bibi akasema. "Tufungue."

Bi Mize alituangalia, mie nimejikunja kama kamba wa kuchemsha, Bibi uso umemnawiri. "Kago langu limechanganyikiwa," akasema. "Mtoto linamharisha, mkubwa linamtibu." Akatupa maji aliyoyasomea, tukanywa, na mie akanipa adhabu ya kumtekea maji mwezi mzima. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi alimletea Bibi kipande cha papai. Lilipokosekana papai lilikuja chungwa, au pera.

Papai moja haliponyi moyo, hilo hata mie najua. Daktari alitueleza tuliporudi: matunda yamelainisha tumbo, kujikamua kumekwisha, moyo umepata kupumua, na kwa vile sasa anaanza siku na tunda badala ya papa mkavu, hata chumvi imepungua. Ilichukua miezi. Mwisho Bibi alikwenda kwa miguu mpaka mjini na kurudi, na siku nilipoacha skuli alikuwa na nguvu za kunichapa vizuri sana.

Kuna kipande nimekiruka, na nimekiruka kila mara niliposimulia. Watu nawaambia nilimpelekea papai kwa kuwa daktari alisema ale matunda. Daktari sikumkumbuka hata kidogo. Watoto tulikuwa tukiambiana kuwa kago wakila wawili adhabu inagawanyika, kila mtu na nusu yake. Niliogopa kufa. Nikampa Bibi nusu ya adhabu yangu, na hali ya moyo wake naijua.

Nimemwambia juzi tu. Alikuwa amekaa kizingitini anamenya chungwa.

"Nilijua," akasema, "tangu ulipoingia na yale magoti."

"Sasa ulikula kwa nini?"

"Ulikuwa ushakula. Nikaona nilimalize mie, kago lisibaki la kukurudia wewe."

Akaendelea kumenya. Miaka yote hii najigamba kwa papai lile, na aliyelikwangua mpaka ganda, akiamini kuwa ndiyo safari yake, hajawahi kulitaja kwa mtu. Alilipasua chungwa mara mbili, akanipa nusu, nikala.