Bahasha Ndani ya Unga wa Muhogo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Jumatano ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mgeni hapa Silver Spring, Marekani, nikimtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Aliitwa Henrik, mwalimu mstaafu wa lugha za Ulaya, mtu wa maneno mengi ambaye miguu ilikuwa imemgomea.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilipokea barua ya watu wa uhamiaji. Sikuifungua. Usinicheke. Kwetu Uvira, Kongo, karatasi yenye muhuri ndiyo iliyomtoa baba yangu nyumbani, na hakurudi. Nilimwonyesha rafiki yangu wa kanisani, naye hata kuishika hakutaka. "Yaya, dada yangu, usiifungue," akaniambia. "Hizi barua zinaletaka mambo mubaya." Basi nikaizika ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, nikawa nachota unga pembeni ili nisiiguse. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Mtoto wangu Baraka, wa miaka minne, nilimwacha kwa bibi yake, na nilikuwa nimeomba aletwe. Nilijua jibu limo kwenye bahasha ile, na niliamini jibu ni hapana.

Asubuhi hiyo unga uliisha, nikaitia bahasha mkobani. Nikiwa namvalisha mzee soksi, mkoba ukaanguka, bahasha ikatoka nyeupe kwa unga. Akaniuliza kama nilikuwa nataka kuioka. Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote, nikamwambia kifua kinabana, hewa haiingii.

Hapo ualimu ukamrudia. Akaniambia Wajerumani, Waholanzi na Wadani wote huiita hofu angst, na ukilifuata neno hilo nyuma mpaka kwa mababu zao, unakuta mahali pembamba na mtu amebanwa humo. Waingereza nao wana nduguye, anger, yaani hasira. Nilishangaa kwamba watu wa kale wa nchi za baridi, wasiotujua kabisa, walisikia kifuani kile kile nilichokuwa nasikia mimi. Hata sisi husema roho inabana.

Kisha akanipa kisu chake cha kufungulia barua. "Fungua nikiwa hapa," akasema.

Niliisoma mara tatu. Nilitakiwa kufika ofisini kesho yake saa tatu asubuhi kwa ajili ya faili la Baraka, na nisipofika, ombi lingefutwa. Siku moja tu, mwanangu. Ningekawia siku moja zaidi, ningekuwa nimemfungia mtoto wangu mlango kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipotulia, mzee aligeukia meza yake. Akavuta droo, akatoa bahasha tatu za hospitali, hakuna hata moja iliyofunguliwa. "Sasa zangu," akasema. Yeye aliyelijua neno la hofu mpaka shina lake, alikuwa amekaa na hofu yake peke yake, droo imefungwa. Nilizifungua moja moja. Ya kwanza ilimtaka arudie kipimo. Ya tatu ilimsihi aje bila kuchelewa, nayo ilikuwa na miezi mitano. Tulikwenda wiki ile ile. Daktari alituambia kwa upole kwamba tumechelewa.

Baraka alitua hapa mwaka uliofuata, na leo ana watoto wake wanaonijibu kwa Kiingereza. Mzee Henrik hakumwona. Binti yake alinipa kile kisu.

Sasa sikiliza. Sikuambii usiogope, maana mimi mwenyewe bado naogopa kila nikiona bahasha ya serikali. Nakuambia usiogope peke yako, wala usiache siku zikupite. Karatasi uliyoificha nyuma ya friji, nami najua iko hapo, ilete kwangu Jumamosi baada ya ibada. Tutakaa mezani, nitakushikia mkono, na wewe utakata bahasha kwa kisu cha yule mzee. Likiwemo neno baya, tutalijua siku za kulishughulikia zingalipo.

Mungu akupanulie kifua, mwanangu. Akupe pumzi ya kutosha, na akuwekee mtu wa kukaa kando yako kabla tarehe haijapita.