Kisima Nilichokipima kwa Haraka

Mwanangu, iko Ijumaa moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa kijana, nimetoka Machakos juzijuzi, tumebanana wafanyakazi chumbani, mtaa wa Al Mansoura, na kazi yangu ilikuwa kupima visima vya mashamba nje ya Doha. Kila mwaka tulirudi kwenye visima vilevile, tukashusha utepe mpaka uguse maji, na vipimo vikachorwa kwenye ramani ili ijulikane ni wapi maji ya ardhini yanazidi kushuka.

Mkubwa wangu, Mzee Wambua, alikuwa na desturi iliyonikera. Akifika shambani alizima pampu, kisha akaketi na mwenyeji kwa kahawa na tende hadi adhuhuri. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwona mvivu anayependa vya bure.

Ijumaa hiyo alinituma peke yangu. Hamisi, Mganda aliyelitunza shamba lile, alizima pampu akatandika mkeka.

"Kuja kwanza unywe kahawa, ndugu yangu."

"Leo siwezi, Hamisi. Nataka niwahi ibada kanisani, kule Abu Hamour."

Nikapima palepale, nikaondoka. Kwenye ramani kisima kikaonekana kinakauka. Mzee Wambua alishtuka.

"Uliyangoja maji yarudi?"

Swali hilo ndilo lililonifumbua macho. Pampu huyavuta maji chini, na kule kukaa kwenye kahawa kulikuwa kunayapa muda wa kupanda tena.

"Niliyangoja, mzee."

Nilimdanganya nikimtazama machoni. Kisima kikafungwa kwa kipimo kile, mwenye shamba akakosa maji akauza mbuzi, Hamisi akaambiwa afungashe. Alikuja hata kuniaga, maskini, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikamficha ukweli, nikiogopa kuonekana mjinga.

Mzee alipokwenda kupima mwenyewe, Hamisi alikuwa keshasafiri. Aliporudi hakupaza sauti.

"Maji yako palepale pa mwaka jana," akasema. "Sasa mwambie Hamisi."

Sikumwambia. Namba yake ninayo mpaka leo, na ninaona haya hata kuitazama.

Nakwambia wewe unayeanza kazi: usiandike jambo linalogusa riziki ya mtu kabla hujawa na hakika nalo. Na ukikosea, sema angali yupo, kabla hajakupa mkono wa kwaheri. Utaaibika, ndiyo, lakini utalala.

Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na uzeeke bila kuwa na mtu unayeogopa kumpigia simu.