Bunduki ya Hewa Katika Mtama Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnapenda sana vitu vyenye skrubu, na mtaanza kumtetea shemeji yangu kabla hamjafika katikati. Someni kwanza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kulea watoto wa kaka yangu, lakini macho hayakutolewa. Niliyoyaona nayaandika vile yalikuwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa upande wa Macalder: mimi, mume wangu, nyieka, yaani mke mwenzangu, na ndugu mdogo wa mume wetu. Huyo shemeji alikuwa amekaa Karungu miaka miwili akimbebea mizigo mzungu mmoja aliyekuwa akizama ziwani kuangalia samaki. Mzungu aliporudi kwao alimwachia mtungi mkubwa wa hewa ya kuzamia, na bunduki. Si bunduki ya baruti. Chini ya mtutu wake kulikuwa na bomba la chuma. Unalijaza hewa kutoka kwa mtungi mpaka imebanwa sana, halafu kila ukifyatua, hewa kidogo inatoka na kusukuma risasi ndogo yenye kiuno kama cha nyigu. Karatasi ya polisi alikuwa nayo. Akili ya kuitumia ndiyo hakuachiwa.

Mwaka huo mahindi yalikauka yakiwa magotini. Kitu cha kutulisha mpaka mvua nyingine kilikuwa mtama tu, lile shamba la kando ya mto tulilolima mimi na nyieka. Na mtama una majuma yake ya hatari, punje zikiwa bado maziwa. Hapo ndege wadogo wenye midomo myekundu wanakuja wengi mpaka shamba linabadilika rangi. Kuamia mtama si kazi ya maneno. Unapanda ulingoni jua halijatoka, umefunga kamba za makopo kutoka ulingoni hadi pembe zote za shamba. Unavuta, makopo yanapiga kelele, ndege wanaruka. Wakitua, unavuta. Jioni mikono yako haiwezi kushika sufuria.

Siku ya nne shemeji alikuja amebeba bunduki begani kama mtu anayeenda kupigwa picha, mume wangu nyuma yake.

"Yuora, shuka," shemeji akaniambia; yuora kwetu ni shemeji. "Kazi yako imepata mwenyewe."

"Ukishuka utapumzika, nyar Karungu," mume wangu akasema, akiniita binti wa kwetu Karungu. "Angalia hiyo mikono."

Niliposikia neno kupumzika nikawa mjinga kama wao. Nilishuka. Hilo ni kosa langu na ninaliandika mimi mwenyewe, mtu asije akanisaidia.

Kisha shemeji akasema makopo yatolewe.

"Yanatisha ndege," akasema.

"Na wewe ulifikiri niliyafunga ya nini?"

"Mimi nataka watulie, yuora. Ndege akitulia ndio unamlenga."

Mume wangu akatoa kisu akakata kamba zangu, moja baada ya nyingine, vipande vipande, ili ndege wakae vizuri juu ya chakula chetu wapate kupigwa mmoja mmoja. Mpaka leo sijasikia ujinga ulionyooka hivyo.

Asubuhi hiyo shemeji aliua ndege kumi na mmoja, akawapanga kwenye gunia kama anauza dagaa. Nyieka akaja kuwatazama, mikono kiunoni.

"Na hawa wengine walioko kule," akauliza, "tuwaambie wapange foleni?"

Siku ya pili aliua saba, na hapo akaanza kulaumu bunduki. Alisema haina usawa. Hilo lilikuwa kweli, hata mimi nilikuwa nimeliona kutoka mahali nilipokaa nikichambua mboga. Ikiwa imejazwa hewa kupita kiasi, risasi zinatoka kivivu. Ikipungua kidogo zinaenda vizuri, kama kumi na tano hivi. Baada ya hapo zinaanza kuanguka chini ya ndege, na ndege hawana habari. Mtu mwenye akili angejaza kwa kipimo na kuacha kupiga hewa ikipungua. Shemeji yeye alitaka kuumba bunduki upya.

Alikaa kivulini mchana kutwa na ungo wangu wa kupepetea, vyuma vyote vimemwagwa ndani yake. Alilalamika kwamba ingekuwa na kitu ndani cha kugawa hewa sawasawa, kila risasi ipate sehemu yake. Ingekuwa inabeba risasi kumi kwenye gurudumu, si kuingiza moja moja kwa vidole. Kitako kilitengenezwa kwa mtu mwenye shingo ya korongo. Kifyatulio ni kizito, unavuta kama unang'oa muhogo. Na geji ya kuonyesha hewa waliiweka mbele, chini ya mdomo wa mtutu, ukitaka kuisoma lazima uweke uso pale risasi inapotokea. Hapo peke yake nilikubaliana naye. Aliyeiweka geji pale hakulelewa na mama.

"Unaona sasa," shemeji akaniambia, akifurahi kwamba nimekubali kitu. "Wale watu wangeniuliza mimi."

"Wangekuuliza wakati gani? Hata ndege hawajakuuliza, na wako hapa."

Alikata springi ya ndani mizunguko miwili, akasema nyundo ya ndani, ile inayogonga ili hewa itoke, ikipunguzwa nguvu itatumia hewa vizuri. Ikawa inatema risasi kama mzee anayetema mbegu ya pera. Akaivuta springi irefuke tena. Mume wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anampa bisibisi kama nesi anavyompa daktari makasi. Skrubu moja ikaingia kwenye makapi, wakatafuta kutoka saa nne hadi saa nane wakiwa wamepiga magoti. Kanisani hawajawahi kupiga magoti hivyo.

Mimi nilikuwa nimeanza kurudi shambani na nyieka, tunapiga makofi na kupiga kelele, lakini watu wawili bila makopo hawatoshi. Unafukuza huku, wanahamia kule. Upande wa mto masuke yalikuwa makapi matupu, mepesi, yanapeperuka ukiyagusa.

Halafu hewa ikaanza kuvuja. Kapira kamoja ndani kalikuwa kamechakaa. Shemeji akachukua mafuta ya samaki wa mbuta kutoka kopo langu la jikoni, yale niliyokuwa nimeyachemsha mwenyewe, akapaka kapira, akapaka na kila kitu kingine alichofikia. Kuvuja kukapungua, lakini mtungi wa mzungu nao ukaisha. Waliubeba hadi Homa Bay kwa gereji moja, wakalala huko, wakarudi kesho yake mchana na habari kwamba hewa ya matairi haina nguvu, haisukumi hata unyoya. Siku mbili, ndege wakila.

"Kuna yule fundi wa kuchomelea kule kwa wachimba dhahabu," mume wangu akasema. "Ana mtungi mrefu kuliko wa mzungu."

"Ule si wa kuchomea vyuma?" nikauliza.

"Nyar Karungu, hewa ni hewa."

Niliwafuata. Si kwamba nilijua kitu. Nilitaka kumwomba fundi vipande vya waya nifungie makopo, kwa sababu kamba zangu sasa zilikuwa urefu wa mkono.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Alikubali haraka kuijaza, akageuza geuza bunduki akiisifu. Shemeji alikuwa tayari ameshika kichwa cha mpira wa kupitishia hewa. Fundi akaweka mkono juu ya kifungulio, akauliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Ndani hakuna mafuta?"

"Ni safi kabisa," shemeji akasema.

"Kuna mafuta," nikasema. "Ya mbuta. Amepaka yote yaliyokuwa kwenye kopo langu."

Fundi akaondoa mkono polepole. Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akamwangalia mume wangu, si shemeji, kwa sababu mume wangu ndiye mwenye mvi.

"Mzee, hii ni oksijeni. Ikibanwa na mafuta ndani ya chuma haingojei kiberiti. Ungemzika huyu bila mikono, na mimi pembeni yake."

Alinipa waya bila kuniuliza ni wa nini, akasimama mlangoni mpaka tukaondoka.

Mngefikiri walijifunza. Hatukuwa tumefika nusu ya njia, shemeji akaanza tena. Shida, akasema, ni kwamba mzungu hakumwachia grisi inayofaa. Mume wangu akasema labda pampu ya mkono inaweza kutengenezwa, ndefu, yenye miguu ya kukanyagia. Walitembea mbele yangu wakipimana urefu wa pampu kwa mikono, ile mikono waliyokuwa wamekaribia kuiacha kwa fundi.

Tulipofika, nyieka alikuwa katikati ya shamba anapiga debe, sauti imemkauka. Kilichobaki kilikuwa sehemu ya juu peke yake, karibu theluthi. Ikilindwa, ingetufikisha mvua. Ikiliwa, tungeenda kwa ndugu zangu Karungu na vikapu vitupu, na mimi ndiye ningetangulia.

Wanaume walipita shamba wakaenda moja kwa moja kukaa mbele ya nyumba ya mume wangu, wakingoja kuletewa chakula. Kwetu mwanamume haingii jikoni, chakula humfuata alipo, na wao walijua kitawafuata hata wakiwa wamekaa na chuma chao mpaka Krismasi. Sikupeleka. Nilitoa sufuria, nikatoa mwiko, nikamwaga maji juu ya mafiga matatu mpaka majivu yakanyamaza, nikasimama mahali wote wangenisikia.

"Kuanzia sasa hapa nyumbani hakuwashwi moto. Ugali utasongwa chini ya ulingo mpaka mtama uingie ghalani. Anayetaka kula aje shambani kabla jua halijatoka, aje na debe, na alipige mpaka nimwambie anawe mikono."