Kibali cha Kwenda Natroni

Mwaka 1951 Alawi alikuwa amechoka kupiga picha za watu. Studio yake ya Majengo ilimpa riziki: maharusi, makarani, akina mama wa Kilutheri walioshuka kutoka mlimani na watoto wao waliotoka kubatizwa. Lakini moyo wake ulikuwa kaskazini, kwenye nchi ya mawe na makorongo inayoteremka hadi Ziwa Natroni.

Habari za nchi hiyo alizipata kwa Mzee Eliufoo wa Uru, huko mlimani, aliyewahi kuwabebea wapima ardhi minyororo yao ya kupimia katika nchi hiyo. Kila Jumapili Alawi alipanda Uru, wakakaa migombani, mzee akitaja kisima kimoja kimoja, yeye akiandika.

Bila kibali, hata hivyo, huko hakuendeki. Karani wa ofisi ya bwana mkuu wa wilaya alimtazama juu hadi chini.

"Unakwenda kupiga picha za nani?"

"Za milima."

"Mlima si huo hapo nyuma ya nyumba yako?"

Akaambiwa alete maelezo ya safari. Akaandika kurasa nne, na ramani ya visima juu yake. Miezi minane ikapita. Mara jalada liko kwa bwana, mara bwana yuko likizo, mara mvua. Filamu alizoagiza Nairobi zikapitwa na muda kabatini.

Septemba, Mzungu kijana aliingia studio na filamu za kusafisha. Alipotafuta orodha ya filamu zake mfukoni, akatoa karatasi na kuiweka mezani. Alawi aliutambua mwandiko wake mwenyewe kabla hajaitambua ramani.

"Nilipewa ofisini," Mzungu alisema. "Imenifaa sana. Visima vyote vipo."

"Hii niliandika mimi."

"Kumbe! Kazi nzuri. Picha zitakuwa tayari lini?"

"Jumatano," Alawi alisema.

Chumbani gizani, korongo la mawe lilijitokeza taratibu ndani ya dawa. Limepigwa saa sita mchana, halina kivuli, limelala kama ukuta uliopakwa chokaa. Alitamani kuziacha picha ziungue kwa dawa humo humo. Hakuziacha. Alizisafisha vizuri kuliko zilivyostahili, na hilo nalo likamuudhi.

Jumapili alipanda Uru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo?"

Alawi akasimulia. Eliufoo akauliza, "Kwa hiyo maji bado yapo?"

"Mzee, mimi nakueleza nimeibiwa."

"Nimesikia. Wachuuzi wa ng'ombe hupewa kibali wiki hiyo hiyo. Andika unakwenda kununua ng'ombe."

Alawi alikataa mwezi mzima. Alitaka karatasi iseme kazi yake. Mwishowe akaandika, na siku ya tano kibali kikatoka: Alawi, mchuuzi wa ng'ombe, na mtu wake mmoja.

Yeye na Eliufoo walipanda lori la kwenda Longido, njia ya kaskazini, alfajiri ya Jumanne, kamera imeviringishwa ndani ya mablanketi. Eliufoo aliimba tenzi za kanisani njia nzima. Alawi aliyakumbatia mablanketi, kile kibali cha mchuuzi wa ng'ombe mfukoni kikimchoma kama kaa la moto.